Namna ya Kuchagua Mshika Amana wa Mafaili ya Kompyuta

Mtu anayetafuta huduma ya kumhifadhia nakala rudufu za mafaili yake mtandaoni aghalabu huanza kwa maswali mawili, nafasi ni kubwa kiasi gani na ada yake ni kiasi gani. Na wauzaji, kwa kuwa wameyajua maswali hayo kabla hajayatamka, huyajibu kwa herufi nene mwanzoni kabisa mwa tangazo lao. Liko swali la tatu ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuyatangulia hayo mawili, nalo ni hili: siku kompyuta itakapoibwa, au diski itakapokufa, au kikombe cha chai kitakapomwagika juu ya vitufe, mafaili yatarudi kwa njia gani, baada ya muda gani, na yakiwa katika hali gani? Kupokea amana ni kazi nyepesi, na kila kampuni huifanya kwa uchangamfu. Kuirudisha kamili, kwa wakati wake na kwa mwenyewe asiyekuwa mwingine, ndiko kunakomtenga mshika amana na mpokeaji tu. Kwa hiyo nitampitisha msomaji katika mambo ya kuangalia kabla hajatoa fedha yake, na kila jambo nitalipima kwa mizani hiyo moja ya kurudisha.

Kabla ya kumchagua mlinzi, lakini, ni wajibu mtu aijue mali anayotaka ilindwe. Fungua kompyuta yako ukae nayo kwa wasaa, utazame folda ya hati, na pale juu ya uso wa skrini ambapo watu wengi hurundika kila kitu, na folda ya vilivyopakuliwa, na diski ya nje iliyomo kabatini, na flashi zilizotawanyika katika mikoba. Programu zenyewe hazihitaji nakala, maana hupatikana tena. Illa kile ulichokitunga, ulichokiandika, ulichokipiga picha au ulichokikusanya wewe mwenyewe hakiuzwi katika duka lolote. Mhasibu ana vitabu vya hesabu vya miaka mingi, mwalimu ana mitihani na alama za wanafunzi, mwandishi ana mswada wake, na mpiga picha za arusi ana nyuso za watu ambao baadhi yao wamekwisha kufariki. Tazama ukubwa wa hayo yote kwa gigabaiti, kisha uyagawe mafungu mawili: lile ambalo likipotea utalia, na lile ambalo likipotea utanung'unika. Katika kompyuta nyingi fungu la kwanza ni dogo kuliko mwenyewe alivyodhani, na udogo huo, kama itakavyoonekana mbele, ni neema kubwa kwa mtu anayenunua intaneti kwa kifurushi.

Watu wengi hujibu kwamba wao hawana haja ya huduma nyingine, kwa sababu mafaili yao yamo ndani ya Google Drive, au Dropbox, au OneDrive. Huduma hizo ni nzuri, nami sizitii dosari katika kazi iliyokusudiwa, ambayo ni kumwezesha mtu kulifungua faili lile lile katika simu, katika kompyuta ya nyumbani na katika ya ofisini, likiwa sawasawa kila mahali. Lakini katika kule kufanana ndimo mlimo hatari. Ukilifuta faili katika kompyuta moja, linafutika kote. Ukilifungua kwa usingizi ukaandika upuuzi juu ya sura nzima ya kitabu kisha ukauhifadhi, upuuzi huo unasambazwa kote kwa uaminifu kamili. Na zile programu haramu zinazoyafunga mafaili ya watu na kudai kikombozi, kama ile iliyoitwa WannaCry ambayo mwezi wa Mei 2017 ilizivamia kompyuta katika nchi takriban 150, zikiyageuza mafaili yako kuwa mafumbo yasiyosomeka, mfumo wa kusawazisha utayachukua mafumbo hayo uyapeleke mtandaoni yakae mahali pa mafaili mazima. Ni kweli kwamba huduma hizo zina pipa la taka, na kwa mteja wa kawaida faili lililofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa. Bali ni nani atambuaye ndani ya siku 30 kwamba folda ya picha za mwaka juzi haipo? Hasara ya namna hii hugunduliwa siku mtu anapokihitaji kitu, na siku hiyo yaweza kuwa mbali sana na siku ya kufutwa kwake.

Nakala rudufu iliyo kamili huenda upande mmoja tu, kutoka kompyutani kwenda ghalani, na kila toleo jipya la faili huwekwa kando ya lile la zamani pasipo kulitoa. Maadamu ndivyo, jambo la kwanza la kutafuta katika masharti ya huduma yoyote ni muda wa kushikwa kwa matoleo ya zamani na kwa mafaili yaliyofutwa, nalo huandikwa mahali pasipoonekana upesi na kutofautiana sana baina ya kampuni na kampuni. Backblaze ya California, iliyo maarufu kati ya huduma za watu binafsi, kwa miaka mingi iliyashika mafaili yaliyofutwa kwa siku 30 tu na kutoza zaidi kwa muda mrefu kuliko huo, hata ulipofika mwaka 2023 ikamruhusu mteja achague mwaka mzima bila nyongeza ya ada. Lakini sharti mteja mwenyewe aingie katika mipangilio akauchague, maana asiyechagua hubaki na siku zile zile 30. IDrive, ambayo nayo ni ya California, ina desturi nyingine: kilichofutwa kompyutani hakifutwi ghalani mpaka mwenyewe aamuru, na kila faili huwekewa matoleo yake ya nyuma hata kufikia 30. Desturi hii ya pili ni ya hadhari zaidi, illa huijaza nafasi uliyoilipia kwa vitu ulivyokwisha kuvisahau. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika na kurekebisha, au kutunza hesabu zinazokaguliwa kila mwaka, mimi nisingekubali muda ulio chini ya mwaka mmoja.

Diski ya nje inastahili jicho la peke yake. Katika Backblaze, diski isiyounganishwa na kompyuta kwa muda wa siku hizo 30 huhesabiwa kuwa mwenyewe ameiacha, na nakala yake huondolewa, isipokuwa kwa yule aliyechagua muda mrefu. Mtu aliyeifungia diski kabatini kwa utulivu wa moyo, akidhani mwenzake wa ng'ambo anailinda, angeweza siku moja kuikuta imeharibika hapa na haipo kule.

Sasa nije katika kurudisha kwenyewe. Mwaka 1998 katika studio za Pixar, Marekani, wakati filamu ya Toy Story 2 ilipokuwa ikitengenezwa, amri ya kufuta ilitolewa kimakosa katika mfumo wa kompyuta, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka mbele ya macho ya watu. Kulikuwa na nakala. Lakini walipozirudisha walikuta kwamba mtambo wa nakala ulikuwa na hitilafu, na kwamba hitilafu hiyo ilikuwapo kwa siku nyingi pasipo mtu kuijua. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu ile, ambaye alikuwa akifanya kazi nyumbani baada ya kujifungua na kwa sababu hiyo alikuwa na nakala yake mwenyewe. Ikiwa kampuni yenye mafundi stadi namna ile iliweza kuishi na nakala mbovu huku ikiamini kuwa ni nzima, sembuse mimi na wewe tunaoridhika kwa kuona alama ndogo ya kijani pembeni mwa skrini.

Huduma nyingi hutoa siku za majaribio bila malipo. Backblaze, kwa mfano, hutoa 15. Watu huzitumia siku hizo kutazama kama programu inapakia mafaili. Wewe zitumie kwa kurudisha. Chukua folda moja yenye vitu vya namna mbalimbali, hati ndefu, jedwali la hesabu, picha, sauti, faili lenye jina refu, na kama una mazoea ya kuandika kwa herufi za Kiarabu, tia na faili lenye jina la herufi hizo. Ipakie, ngoja siku mbili tatu, badilisha baadhi ya mafaili na ufute mengine, kisha nenda ukae mbele ya kompyuta nyingine kabisa, ya ndugu au ya rafiki, uingie katika huduma na kuidai amana yako. Fungua kila faili lililorudi. Angalia kama tarehe zake zimebaki za asili au zote zimekuwa za leo, kama folda zimebaki ndani ya folda au vyote vimemwagwa mahali pamoja, na kama unaweza kulipata faili lilivyokuwa juzi na si lilivyo sasa. Angalia pia jambo moja ambalo huwapata watu kwa ghafula: huduma itakapotaka kuthibitisha kwamba wewe ndiwe, itaituma namba ya siri kwenye simu, na mwizi aliyeichukua kompyuta katika mkoba aghalabu huichukua na simu iliyokuwa humo. Huduma nzuri hukupa orodha ya namba za akiba za kuingilia siku kama hiyo. Zichape katika karatasi, nayo karatasi iwe nyumbani mahali penye hati za kiwanja na vyeti vya kuzaliwa.

Kisha piga hesabu ya muda, kwa kuwa hesabu hii ndiyo inayovunja ndoto nyingi. Mtu mwenye gigabaiti 500, ambaye njia yake ya intaneti hupandisha megabiti 2 kwa sekunde, atahitaji siku 23 za usiku na mchana pasipo kukatika ili kumaliza kupakia mara ya kwanza. Na siku ya msiba, ikiwa njia yake huteremsha megabiti 10 kwa sekunde, atahitaji zaidi ya siku nne na nusu kuyarudisha yote. Lakini mtu huyo huyo akilitenga lile fungu la kulia, tuseme likawa gigabaiti 20, atalipakia kwa njia ile ile katika muda wa saa 22 hivi. Hapa ndipo nilipokusudia niliposema kwamba udogo ni neema. Usipime kasi kwa maneno ya kampuni ya simu, maana kampuni hutangaza kasi ya kuteremsha, na kazi ya kupakia hutegemea kasi ya kupandisha, ambayo katika njia nyingi ni ndogo zaidi. Tafuta pia programu inayokuruhusu kuiwekea saa za kufanya kazi na mpaka wa kasi, ili ipakie usiku wa manane wakati nyumba imelala, isije ikayala mchana mawasiliano ya watoto wanaosoma na ya mke au mume anayeongea na jamaa walioko Maskati.

Baadhi ya kampuni, kwa kuufahamu uzito wa kurudisha vitu vingi kwa njia ya waya, humtumia mteja diski kwa posta ikiwa imejaa mafaili yake. Backblaze na IDrive zote hufanya hivyo. Kwa mkazi wa Ohio hii ni rehema. Kwa mkazi wa Tanga au Bujumbura, diski itavuka bahari, itapita forodhani, na huenda ikatozwa ushuru kwa mali iliyokuwa yake tangu mwanzo, kwa hiyo ihesabu njia hiyo kuwa ya mwisho. Wala waya wenyewe si wa kuaminiwa kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoihudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi; aliyekuwa na nakala Marekani au Ulaya peke yake, siku zile aliweza kujua kwamba anazo, asiweze kuzifikia. Hii ndiyo sababu diski ya nje, iliyonunuliwa kwa fedha mara moja na kukaa nyumbani, haiondolewi kazini na huduma yoyote ya mtandaoni. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, husema kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumba; na huduma unayoichagua hapa inakuja kuijaza ile nafasi ya tatu tu.

Katika masharti ya biashara hii hakuna neno linalonitia shaka kuliko "bila kikomo". Kampuni ya Mozy, iliyoanza mwaka 2005, iliahidi nafasi isiyo na kikomo kwa dola 4.95 kwa mwezi, na mwaka 2011 ikaiondoa ahadi hiyo. Microsoft ilitangaza mwaka 2014 kwamba waliojiunga na huduma yake ya Office wangepata nafasi bila kikomo katika OneDrive, na mwezi wa Novemba 2015 ikairudisha nyuma, ikisema kwamba baadhi ya wateja walikuwa wameweka zaidi ya terabaiti 75 kila mmoja. Amazon nayo ilitoa nafasi bila kikomo mwaka 2015, ikaikomesha 2017, na ghala lenyewe lililoitwa Amazon Drive likafungwa kabisa tarehe 31 Desemba 2023. Sizilaumu kampuni hizo kwa kubadili nia, maana diski na umeme vina gharama, na mteja aliyeweka terabaiti 75 kwa bei ya sahani ya pilau ana taksiri yake. Nasema tu kwamba ahadi isiyo na kikomo ina mwisho wa karibu kuliko ahadi yenye kipimo. Backblaze imeishika ya kwake kwa muda mrefu kuliko wengi, illa ada yake imepanda kutoka dola 5 kwa mwezi mwaka 2008 hadi dola 9 mwaka 2023, na mteja mwenye busara huhesabu kwamba itapanda tena.

Na kampuni hufa, au huamua kwamba watu wa kawaida si wateja wanaowataka tena. CrashPlan ilipendwa sana na watu wa majumbani, kwa sababu fauka ya kuhifadhi katika maghala yake, iliwawezesha marafiki wawili kuwekeana nakala katika kompyuta zao bure. Mwezi wa Agosti 2017 ikatangaza kwamba inawaacha watu wa majumbani ibaki na wafanyabiashara, na kufikia Oktoba 2018 huduma ile ikawa imekwisha. Wateja walipewa zaidi ya mwaka mmoja wa kuhama, na huo ni uungwana. Mwezi wa Januari 2012 serikali ya Marekani ilipoifunga Megaupload kwa mashtaka ya hakimiliki, watu walioweka humo mafaili yao halali waliamka wakakuta mlango umefungwa, na hakuna aliyewapa hata siku moja ya kuchukua vitu vyao. Kwa hiyo tazama umri wa kampuni, na ikiwa fedha yake hutoka katika kuhifadhi nakala au kuhifadhi ni jambo la pembeni linaloweza kukatwa mkutano mmoja wa wakurugenzi ukitaka. Na soma katika mkataba ni siku ngapi za onyo zitatolewa kabla ya kufungwa. Mkataba usiotaja siku hizo umekwisha kujibu.

Katika habari ya siri, kampuni nyingi husema kwamba mafaili hufungwa kwa fumbo la namna ya AES lenye biti 256, na usemi huo ni wa kweli katika nyingi kati yao, lakini hautoshi. Swali ni nani anaushika ufunguo. Kwa kawaida ufunguo hushikwa na kampuni, na faida yake ni kwamba ukisahau nenosiri, kampuni itakufungulia; hasara yake ni kwamba yeyote anayeweza kuilazimisha au kuihadaa kampuni anaweza kufunguliwa vile vile. Huduma kadhaa, zikiwamo hizo mbili nilizozitaja sana, humpa mteja hiari ya kuweka ufunguo wake binafsi ambao kampuni haiujui. Hapo siri imekaza kweli, na hapo hapo kusahau kumekuwa kosa lisilo na dawa, maana hakuna fundi, wala afisa, wala machozi yatakayoyafungua mafaili tena. Uliza vilevile kama wakati wa kurudisha fumbo hufunguliwa ndani ya kompyuta yako, au huduma itakutaka uuandike ufunguo katika ukurasa wake ili ikufungulie kule kwake. Katika namna hii ya pili siri yako ina mlango mdogo wazi kwa muda. Mimi ningemshauri wakili, daktari na mwandishi wa habari wauchukue ufunguo binafsi, na mtu mwenye picha za familia na hati za nyumba auache kwa kampuni, maana adui wake mkubwa ni usahaulifu wala si mpelelezi.

Na maadamu tumetaja familia, liko jambo ambalo watu wetu hulikwepa kwa sababu linataja kifo. Mwenye ufunguo akifariki pasipo kumwachia mtu, picha za ukoo mzima na hesabu za duka hufungwa pamoja naye kaburini. Andika jina la huduma, anwani ya barua pepe unayoingilia, na ufunguo wenyewe, uutie waraka huo katika bahasha pamoja na wasia wako, na umwambie mmoja wa warithi kwamba bahasha ipo. Watu hugawana mirathi ya minazi mitano kwa mashahidi na mihuri. Kumbukumbu za miaka 20 zinastahili walau bahasha.

Mintarafu ya mahali ghala lilipo, usikubali kwamba kwa kuwa watu husema "wingu" basi mafaili yamo hewani. Yamo ndani ya diski, na diski zimo ndani ya jengo, na jengo huungua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza tovuti zao pamoja na nakala zake, kwa sababu vyote viwili vilikuwa mahali pamoja. Iulize huduma kama vitu vya mteja huwekwa katika mji mmoja au zaidi. Kama unashika habari za watu wengine, za wagonjwa au wanafunzi au wateja, soma na sheria kabla ya kuzipeleka ng'ambo: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022, na zote mbili zina masharti juu ya kuzivusha habari binafsi nje ya nchi.

Malipo nitayapita upesi. Huduma hizi karibu zote hutozwa kwa dola na kwa kadi, hivyo ada uliyoizoea kwa shilingi hubadilika kila thamani ya fedha inapobadilika. Hatari kubwa zaidi ni kadi kuisha muda wake, au kukosa salio siku ya kukatwa, ilhali barua za onyo zinakwenda katika sanduku la barua pepe usilolifungua. Baada ya muda ulioandikwa katika masharti nakala hufutwa, na kampuni haina kosa. Penye uwezekano lipa mwaka mzima kwa mara moja, na tarehe ya kulipa uiandike katika kalenda ya ukutani.

Ikiwa umenifuata hadi hapa na wataka hukumu yangu, naisema bila kuificha. Mwenye kompyuta moja kubwa, mafaili mengi, na waya wa faiba nyumbani, namwona anafaa kwa huduma ya ada moja kama Backblaze, mradi auchague ule muda wa mwaka mmoja siku ya kwanza. Mwenye kompyuta tatu ndogo na simu mbili katika nyumba moja, na vitu visivyojaa terabaiti, atapata nafuu zaidi kwa huduma inayotoza kwa nafasi pasipo kuhesabu vyombo, kama IDrive. Fundi mwenye kupenda kufanya mambo kwa mkono wake anaweza kuchukua programu ya bure kama restic au Duplicati na kukodi nafasi tupu kwa kipimo, na yeye ndiye aliye huru kuliko wote, maana kampuni moja ikimchosha anahamia nyingine na programu yake ile ile; lakini simshauri mtu asiyependa kusoma maelekezo aiguse njia hiyo. Na yule anayeishi kwa kifurushi cha simu, ambaye kila gigabaiti huilipia, asione haya kulipeleka mtandaoni lile fungu dogo la kulia peke yake, na mengine yote ayaweke katika diski mbili, moja nyumbani kwake na moja nyumbani kwa nduguye mtaa wa pili.

Jambo unalopaswa kulifanya leo halina gharama. Chagua moja kati ya huduma hizi, jiunge kwa majaribio, pakia folda moja tu, na kabla ya siku za majaribio kwisha nenda kwenye kompyuta isiyo yako ukaidai. Ikikurudishia kila kitu kikiwa kizima, lipa. Ikikupa udhuru, funga akaunti ujaribu nyingine.